Namna ya kutafsiri "enfold" bila kumkunja mtu

Nilipoanza kujifunza kutafsiri, niliandika "mfalme akamkunja Banquo", huyo Banquo akiwa jemadari katika tamthilia ya Macbeth. Shangazi alikuwa akisuka ukili barazani kwetu Magomeni. Akauliza, "Kwani kaiba nini?" Tangu siku hiyo kitenzi cha Kiingereza "enfold", yaani kumzunguka mtu au kitu kwa mikono, nguo au chochote, nakiendea kwa adabu. Ndani yake limo neno la kukunja nguo, kweli, lakini hapa Dar ukimkunja mtu umemkamata shati.

Anza kwa kutafuta mikono. Kama ipo, "kumbatia" litakutosha mara nyingi. Ila Mwingereza wa leo hasemi "enfold" akiwa sokoni. Hilo ni neno la vitabuni. Ukitaka harufu hiyo ya zamani, vuta "pambaja". Vijana watakuuliza maana yake. Waache waulize.

Kama ni nguo, kazi inaongezeka, kwa sababu sisi nguo tunaijua. Mtoto hubebwa kwa mbeleko, khanga ya kiunoni hufungwa, ya kichwani na mabegani mtu hujitanda. Mwandishi wa Kiingereza kaandika kitenzi kimoja akapita zake. Wewe huna budi kujua nguo imekaa wapi mwilini. Asipokuambia, soma kurasa mbili tatu zaidi kabla hujagusa kalamu.

Pasipo mikono wala nguo, "gubika" latosha: giza la saa moja likaigubika Kigamboni.

Nirudi kwa Banquo, maana huyo alinila wiki nzima. Katika tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare, tendo la 1, onyesho la 4, Mfalme Duncan anamwambia Macbeth kwamba ameanza kumpanda kama mmea, na atamhudumia hadi astawi. Kisha anamgeukia Banquo: huyu mfalme anataka kum-"enfold" na kumshika moyoni. Banquo anajibu kwamba akimea hapo, mavuno ni ya mfalme mwenyewe. Umeona? Kifua cha mfalme kimeshakuwa shamba. Ukiandika "nikukumbatie", udongo wote umepukutika. Nikajaribu "nikupambaje", tamu mdomoni, lakini shamba bado halipo. Mwisho nikaangukia "nikufumbate", kwa kuwa mpanzi hufumbata mbegu kiganjani kabla ya kuidondosha shimoni.

Nikamsomea shangazi. Hakuinua macho kwenye ukili wake.

"Haya," akasema, "huyu hajaiba."