Kiti cha Makamu wa Rais kikibaki wazi, fuatilia hivi usidanganywe kijiweni

Hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, ukitaka kelele we uliza tu makamu wa rais akifa au akijiuzulu nani anaingia. Mmoja atakwambia waziri mkuu anapanda, mwingine tunarudi kupiga kura, na yule anayemwaga kahawa ataapa kwamba Spika ndo anabeba. Wote nje.

Kwanza jua kiti kimebaki wazi kwa njia gani, maana Katiba ya Tanzania ya 1977 ina njia mbili na watu wanazikoroga. Moja, Rais mwenyewe ndo kaondoka, iwe kifo, kujiuzulu au maradhi, makamu anaapishwa kuwa Rais amalizie muda uliobaki, sasa kiti chake ndo kinabaki kitupu: ibara ya 37(5). Mbili, Rais yupo ila makamu ndo katoka: ibara ya 50.

Hii ya pili haina mambo mengi. Rais anateua ndani ya siku zisizozidi 14, Bunge linathibitisha, basi. Makamu Dk Omar Ali Juma alifariki tarehe 4 Julai 2001 na mwezi huohuo Rais Mkapa akawa na makamu mpya, Dk Ali Mohamed Shein.

Ile ya kwanza sisi wa kanda ya ziwa tunaijua vizuri. Rais Magufuli, mtu wa Chato hapo ng'ambo, alifariki 17 Machi 2021, tarehe 19 makamu wake Samia akaapa kuwa Rais, tarehe 24 mji mzima tuko uwanja wa Kirumba kumuaga mzee na siku hiyo nchi bado haina makamu, wala hakuna sheria iliyovunjwa. Rais mpya anatakiwa ashauriane kwanza na chama chake ndo apeleke jina bungeni, na kusema ukweli hapo kwenye chama ndo kwenye mchezo wenyewe, Bunge likiwa limejaa wa chama kimoja mnasubiri tu kutangaziwa.

Wakati unasubiri chuja majina mwenyewe. Ibara ya 47 inasema Rais akitoka upande mmoja wa Muungano makamu atoke upande wa pili, kwa hiyo Samia kaingia anatoka Zanzibar, majina yote ya Unguja na Pemba futa, hata wakutumie mara ngapi WhatsApp. Mkapa alikuwa wa bara ndo maana Omar wa Pemba akafuatiwa na Shein, naye wa Pemba. Halafu awe raia wa kuzaliwa, miaka 40 kwenda juu, na awe mwanachama wa chama cha siasa.

Na msichanganye na ya Kenya jamani, video zao zinafika Mwanza kabla ya za Dodoma. Makamu wao Gachagua aliondolewa na Seneti 17 Oktoba 2024, kesho yake tu Kindiki kateuliwa na wabunge wakampitisha, ila mahakama ikazuia na akaja kuapa Novemba mosi. Kwao nako Rais ana siku 14 za kuteua ila Bunge lao lina siku 60 za kupiga kura, na makamu wao anaitwa naibu rais.

Turudi kwetu, jina likishafika bungeni angalia kura. Kwa njia ya 37(5) inatakiwa isipungue nusu ya wabunge WOTE, siyo nusu ya waliokuja siku hiyo, kwa hiyo aliyebaki zake jimboni ni kama kakunyima kura. Tarehe 30 Machi 2021 Dk Philip Mpango, jina alilopeleka Samia, alipata kura 363 kati ya 363, kesho yake akaapa mbele ya Jaji Mkuu na ndo akawa makamu kamili.

Mpango alikuwa mbunge wa Buhigwe kule Kigoma, hivyo vyeo viwili havikai pamoja, jimbo likabaki wazi. Mwezi Mei wananchi wa Buhigwe wakapanga foleni kuchagua mbunge mwingine, na hao ndo raia pekee waliotumbukiza karatasi kwenye sanduku kwa sababu ya hiyo nafasi.