Umepangiwa Isimu na Lugha ya Kigeni Chuo? Anza Hivi

Majina yakishatoka na umepangiwa isimu, nyumbani wataanza kukuuliza utaongea lugha ngapi ukimaliza. Waambie wasubiri. Isimu sio kujua lugha nyingi, ni kuifungua lugha kama fundi anavyofungua injini uone kipi kinasukuma kipi, na unaweza kumaliza digrii na GPA nzuri huku unaongea zilezile ulizotoka nazo kijijini. Lugha ya kigeni ndo habari nyingine, ile inataka mdomo na masikio kila siku. Sasa shida inaanza pale mtu anapozisoma zote mbili kwa staili moja, yani kukusanya madesa na kukariri usiku wa kuamkia pepa.

Tuanze na isimu. Fonetiki (sauti zinavyotamkwa), fonolojia (sauti zinavyofanya kazi ndani ya lugha), mofolojia (neno linavyojengwa) na sintaksia (sentensi inavyojengwa), hizo nne ukizishika mapema semantiki, yani maana, na isimujamii, yani lugha na jamii, hazitakutesa. Watu wanaogopa sana alama za IPA, zile za kimataifa za kuandikia matamshi, wakati kibao unazo mdomoni tayari: th ya thamani ni θ, dh ya dhahabu ni ð, gh ya ghali ni ɣ, ng' ya ng'ombe ni ŋ. Andika majina ya wenzako wote wa chumbani kwa IPA, wiki haiishi utakuwa umezoea. Kinachosumbua kweli ni irabu, Kiswahili tuna 5 tu wakati kile Kiingereza cha Uingereza cha vitabuni huwa kinahesabiwa 20 ukijumlisha na zile za mwambatano, hapo hakuna ujanja, tafuta kamusi yenye sauti, vaa earphone, rudia.

Fonolojia usikariri kanuni, zitafute mwenyewe. Chukua pika, kata, funga, zipeleke kauli ya kutendea: pikia, katia, fungia. Haya chukua soma na cheka: somea, chekea. Ukiziandika juu na chini kwenye karatasi utaona mwenyewe kwamba mzizi wenye e au o unavuta e na iliyobaki inavuta i, na hilo ndo tangamano la irabu ambalo kwenye madesa linakula kurasa nzima. Halafu angalia ulimi na ndimi, mti mrefu na nyumba ndefu, l na r zote zimegeuka d baada ya n. Ukimaliza fanya hivohivo kwa lugha ya kwenu, iwe Kisukuma, Kihaya, Kigogo, yoyote, manake kwenye mtihani lekchara anaweza kukuwekea data za lugha ambayo hujawahi kuisikia na kukuambia toa kanuni, na aliyezoea kuchimba data anamaliza mapema kuliko aliyekariri mifano ya darasani.

Kuna kitu kingine kinachanganya first year. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kwa mfano Kiswahili kiko TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, na kinafundishwa kwa Kiswahili, afu kuna Idara ya Lugha za Kigeni na Isimu ambako unasoma kwa Kiingereza, kwa hiyo ukichukua kozi za pande zote mbili unajikuta unasoma jambo lilelile kwa majina mawili na hujui kama ni jambo lilelile. Dawa yake ni daftari dogo, kushoto kiima, mofimu, kirai, kishazi, kulia jina lake la Kiingereza na mfano mmoja. Ndogo sana lakini inaokoa.

Lugha ya kigeni chagua moja. Moja! Wale wa kuonja Kifaransa semista hii, Kichina semista ijayo, huwa wanamaliza na salamu tu. Kama A-level ulisoma michepuo ya HKL au HGL, hujawahi kukigusa Kifaransa, na umekaa darasa moja na waliotoka KLF ambao wamekisoma, usitishike, ila jua nusu saa ya kila siku inakusaidia kuliko saa nne za Jumamosi. Soma kwa sauti, jirekodi kwenye simu, sikiliza, jichukie, rudia. Kichina kina toni nne na hapo ndo anayeongea Kisukuma au Kihaya ana kamtaji kadogo kwa sababu sikio lake limeshazoea kwamba sauti ikipanda au ikishuka maana inaweza kubadilika, ingawa toni za Kichina zinakaa kwenye silabi kwa namna yake na bado utazisotea.

Kuchagua ipi angalia unataka kwenda wapi. Kifaransa kinafungua Burundi na Kongo ya Kinshasa (DRC), ambayo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Arusha ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inayofanya kazi kwa Kifaransa pia. Kwa vyovyote usitegemee transkripti peke yake, kafanye mtihani unaotambulika nje: DELF kwa Kifaransa, HSK kwa Kichina, Goethe kwa Kijerumani. Ada ipo kwa hiyo tenga kwenye bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, kabla halijayeyuka. Na Kiswahili chako usikidharau, kuna programu ya Fulbright FLTA inapeleka walimu vijana kufundisha lugha zao vyuo vya Marekani, Kiswahili kimo, na huko mtu anayeweza kueleza ngeli kwa mpangilio ana nafasi kubwa kuliko anayekiongea tu.

Mwaka wa mwisho ukifika tasnifu, chukua kitu kidogo. "Mofolojia ya Kigogo" ni kubwa mno, chukua kiambishi kimoja tu. Kutafuta makala tumia namba za Guthrie, yani kodi ambazo kila lugha ya Kibantu imepewa, Kisukuma ni F21, Kigogo G11, Kinyakyusa M31, kwa sababu majina yanaandikwa kila mtu anavyojua ila namba haibadiliki. Programu ya Praat ya kupima sauti ni ya bure, ELAN ya kuandika maneno chini ya rekodi nayo bure. Rekodi kwa WAV sio ile ya WhatsApp, omba ruhusa kwa mzee unayemrekodi kabla hujabonyeza chochote, na faili weka sehemu mbili, flashi peke yake usiiamini.