Ukichaguliwa kwenye bodi ya chama cha makumbusho: kazi yenyewe inavyofanywa

Chama cha makumbusho kisichogawana faida hakina mwenye mali. Ngoma, milango, picha na nyaraka zilizomo ghalani ni amana, na anayeishika amana hiyo ni bodi. Meneja ameajiriwa tu, na mfadhili anapita. Watu wengi huingia kwenye bodi wakidhani kazi yao ni kukaa meza kuu siku ya hafla, na vitu huanza kupotea mikononi mwao bila mwizi yeyote kuvunja mlango.

Kabla hujakubali, omba katiba ya chama, cheti cha usajili, hesabu zilizokaguliwa za miaka 3, mihtasari ya vikao vya miaka 2 na sera ya mkusanyo, yaani ya vitu vyote ambavyo makumbusho inavihifadhi. Ukiambiwa "zitatafutwa", ngoja zipatikane ndipo uitikie. Ndani ya katiba tafuta akidi (idadi ya wajumbe inayotosha kufanya kikao), muda wa ujumbe, watia saini wa benki, na kifungu kinachosema mali itakwenda wapi chama kikivunjwa. Hicho cha mwisho husahaulika sana. Kinatakiwa kuzipeleka mali kwa makumbusho au taasisi nyingine yenye lengo kama hilo. Kikisema zitagawanywa kwa wanachama, basi chama hicho hakijaacha biashara, na kifungu kirekebishwe kwenye mkutano mkuu kabla ya jambo lingine lolote.

Jua pia mmesajiliwa chini ya sheria ipi. Kenya, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024; vyama vingi vidogo bado viko chini ya Sheria ya Vyama. Tanzania Bara kuna Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, na Zanzibar ina sheria yake. Kila usajili una msajili wake, na msajili anataka taarifa kila mwaka. Tarehe hizo ziandikwe kwenye kalenda ya bodi, pamoja na jina la mjumbe anayezifuatilia. "Katibu atashughulikia" ni njia ya hakika ya kulimbikiza faini na hatimaye kufutwa.

Kuhusu vikao: 4 kwa mwaka vinatosha chama kidogo, bodi ikiwa na wajumbe 7 hadi 11. Makabrasha yatoke siku 7 kabla. Karatasi inayogawiwa mezani haijasomwa na mtu, kwa hiyo uamuzi wake uahirishwe. Muhtasari uandike kilichoamuliwa, nani atakitekeleza na lini. Nani alimjibu nani si lazima. Mjumbe asiyekubaliana ana haki ya kutaka msimamo wake uandikwe, na autumie, maana kwenye muhtasari kimya husomeka kama ndiyo.

Sasa fedha. Mweka hazina alete ripoti ya safu nne: bajeti, halisi, tofauti, na sababu ya tofauti. Halafu uliza swali linalookoa vyama: kati ya pesa zilizoko benki, ni kiasi gani kina masharti? Tuseme salio ni shilingi 2,400,000, na 2,000,000 zilitolewa na mfadhili kwa ajili ya paa. Chama hicho kina 400,000 tu. Mishahara ikilipwa kutoka zile za paa "kwa muda", mvua za masika zitafika paa likiwa bado linavuja na mfadhili akidai ripoti. Fedha zenye masharti ziwe na safu yake kwenye kila ripoti, au akaunti yake kabisa. Lengeni akiba huru ya miezi 3 hadi 6 ya matumizi ya kawaida, hata kama itachukua miaka kuijenga.

Mlangoni nako kunavuja. Vitabu vya tiketi viwe na namba zinazofuatana, na vishina vya tiketi vinavyobaki kitabuni vilinganishwe na pesa kila jioni na mtu asiyeuza tiketi. Malipo ya simu yaingie kwenye namba ya chama, kamwe si kwenye simu ya mfanyakazi, hata awe mwaminifu kiasi gani. Huko benki watia saini wawe wawili, na wasiwe ndugu. Anayeidhinisha malipo asiwe yeye anayeandika vitabu. Wizi mwingi kwenye vyama hivi huanza pale mtu mmoja anaposhika hatua zote tatu: kupokea, kuandika na kupeleka benki.

Mkusanyo ndio sababu ya chama kuwepo, na ndio bodi nyingi haziugusi kwa kuogopa kuonekana hazijui. Huhitaji digrii ya uhifadhi kuusimamia. Unahitaji daftari.

Kila kitu kinachoingia kiandikwe kwenye daftari la mapokezi na kipewe namba, kwa mfano 2024.3.1: mwaka, mapokezi ya tatu ya mwaka huo, kitu cha kwanza kwenye mapokezi hayo. Namba hiyo iwe kwenye kitu chenyewe pia. Mara moja kwa mwaka, wajumbe wawili waende ghalani na wafanye ukaguzi wa njia mbili. Chagueni namba 10 kutoka daftarini mkavitafute vitu rafuni, kisha chukueni vitu 10 rafuni mkatafute namba zake daftarini. Namba bila kitu ni dalili kwamba kimeazimwa bila maandishi, kimehamishwa au kimeondoka. Kitu bila namba mara nyingi kililetwa na msamaria aliyeondoka bila kusaini lolote, na siku moja wajukuu wake watakuja kukidai. Tiba yake ni hati ya zawadi ya ukurasa mmoja: mtoaji ni nani, alikipataje, anakitoa moja kwa moja bila masharti, sahihi, tarehe. Vitu vya kuazima viwe na tarehe ya kurudi. "Mkopo wa kudumu" huzaa ugomvi ambao hakuna aliyebaki hai kuutolea ushahidi.

Mkiwa humo ghalani tazameni kipimo cha unyevu. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 65, ukungu huota kwenye ngozi, nguo na karatasi, na mwambao wetu hufika huko kwa urahisi. Kama hakuna kipimo, hilo ni ombi la bajeti la kikao kijacho, na ni la bei ndogo.

Swali la "alikipataje" lina uzito wa pekee kwetu. Vigango, nguzo za ukumbusho ambazo Wagiriama na Wamijikenda wengine huwasimamishia wazee wao waliofariki, viliibwa kwa wingi vikauzwa Marekani. Viwili vilivyotolewa kwenye boma moja miaka ya 1980 vilirudi Kenya mwaka 2007, kimoja kikitoka Illinois State Museum na kingine Hampton University. Bodi za huko zilikuwa zimepokea vitu bila kujua vilikotoka. Yenu isipokee kigango, kiti cha enzi au mlango wa nakshi kwa maneno tu. Sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inahesabu kitu kinachohamishika (si kitabu wala hati) kilichotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya 1895 kuwa ni cha kale, na milango ya nakshi ya kabla ya 1946 inalindwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inaweka mpaka wa kabla ya mwaka 1863 na, kwa milango ya nakshi, kabla ya 1940. Kitu kinachoangukia humo, ulizeni mamlaka kabla ya kupokea, kuuza au kusafirisha.

Kuuza ndiko bodi huaibika zaidi. Maadili ya ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, yanataka mapato ya kitu kilichoondolewa yatumike kwa mkusanyo pekee, na yanakataza wafanyakazi, wajumbe wa bodi na jamaa zao kukinunua. Mwaka 2017 bodi ya Berkshire Museum, Massachusetts, ilitangaza kuuza kazi 40, zikiwemo picha ambazo mchoraji Norman Rockwell mwenyewe aliipa makumbusho hiyo, ili kuziba pengo la fedha na kulibadilisha jumba. Mahakama iliruhusu mwaka uliofuata, lakini chama cha wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa kikawawekea vikwazo vya kutokuazimwa kazi. Shida yao ya pesa ilikuwa ya kweli. Ila bodi ikishaugeuza mkusanyo kuwa akiba ya benki, nani atatoa urithi wa babu yake tena? Kitu kisichohitajika kitolewe kwanza kwa makumbusho nyingine, na uamuzi uandikwe pamoja na sababu, picha na namba yake.

Mgongano wa maslahi hutokea kila mahali palipo na watu wanaojuana, na kuwa nao si kosa. Kosa ni kuuficha. Kila Januari kila mjumbe ajaze fomu: biashara zake, jamaa walioajiriwa na chama, na kama yeye mwenyewe hukusanya vitu vya kale. Mkusanyaji asishindane na chama kununua kitu kilekile. Jambo linalomgusa likifika mezani, aseme, atoke nje, na muhtasari uandike saa aliyotoka na aliyorudi. Kubaki amekaa kimya hakutoshi; wenzake watapiga kura wakimtazama usoni.

Kwa wafanyakazi, bodi huajiri mtu mmoja, meneja, na kumpima kwa maandishi mara moja kwa mwaka. Mjumbe anayempigia simu mwongoza watalii kumwagiza kazi anamvua meneja mamlaka, na wafanyakazi watajifunza upesi kumpita. Malalamiko yapite kwa mwenyekiti.

Muda wa ujumbe uwe miaka 3, usizidi vipindi 2, na theluthi moja watoke kila mwaka ili kumbukumbu isiondoke yote kwa siku moja. Ukitoka, fanya mambo matatu ndani ya mwezi huo: saini yako iondolewe benki, jina lako libadilishwe kwa msajili, na funguo, nywila na makabrasha uyakabidhi kwa karatasi inayosainiwa na pande zote mbili.