Mtoto anaenda Marekani: namna ya kupata karo ya wenyeji, na wakati wa kuachana nayo

Matokeo ya KCSE yakishatoka na barua za vyuo vya majuu zianze kuingia, hapa Nakuru utasikia wazazi wakiambiana kitu kimoja, na Kisumu ni hivyo hivyo, na Kakamega pia: ati mtoto akifika Marekani akae mwaka mmoja tu alafu ataanza kulipa fii kama wenyeji. Kuna wenye hiyo hesabu inawatokea vizuri kabisa. Na kuna wenye haitatokea hata wakikaa miaka minne, na hao ndio ninawaandikia zaidi, juu wengi wanauza shamba wakitegemea kitu ambacho sheria haiwaruhusu.

Kwanza ujue hii pesa inatoka wapi. Vyuo vya umma kule ni vya majimbo, na mkaazi wa jimbo analipa karo ya chini kwa sababu yeye na wazazi wake wanalipia kodi hapo. Chukua University of Texas pale Austin: mwenyeji analipa kama dola 11,000 hadi 13,000 kwa mwaka, wa kutoka nje ni karibu dola 40,000 au hata zaidi kulingana na kozi. Kwa shilingi zetu hiyo ni kama milioni moja na nusu dhidi ya milioni tano na zaidi, na hapo hujalipa nyumba wala chakula. Kama chuo ni cha kibinafsi, achana na hii stori yote, huko wote hulipa bei moja.

Sasa angalia viza, kabla ya kitu kingine chochote. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha kuishi Marekani daima, anaweza kuomba ukaazi wa jimbo. Mkimbizi aliyekubaliwa pia anaweza. Mwenye viza ya kazi ya H-1B na familia yake, majimbo mengi yanawakubali. Lakini mwenye F-1, ile viza ya mwanafunzi ambayo wengi wa watoto wetu wanayo, kwa kawaida hawezi, na sababu yake iko wazi ukiifikiria: ile siku alisimama kwa dirisha la ubalozi Gigiri, alisema nyumbani kwake ni Kenya na atarudi akimaliza masomo. Sheria ya hiyo viza ndio inadai hivyo. Sasa hawezi kwenda kwa ofisi ya chuo aandike kwamba amehamia Texas kabisa na hana mpango wa kurudi. Hayo maneno mawili yanagongana, na fomu unayoisaini inabaki kwa faili. Kwa hivyo ajenti akikwambia "lipa tu mwaka wa kwanza, wa pili tutabadilisha," muulize viza gani. Akisema F-1, mwambie akuonyeshe hiyo sheria kwa tovuti ya chuo chenyewe, sio kwa WhatsApp.

Tuseme uko na grini kadi, labda familia ilishinda ile bahati nasibu ya viza ama mama alitangulia akawaita. Hapo kitu cha pili ni tarehe. Majimbo mengi yanataka uwe umekaa miezi 12 mfululizo kabla ya masomo kuanza, na kila jimbo liko na siku yake ya kupimia. Texas wanapima kwa siku ya kuhesabu wanafunzi, ambayo semista ya kawaida huwa ni siku ya 12 ya masomo. University of California wanataka siku 366. Ukitua Septemba mwishoni na masomo ya mwaka unaofuata yaanze Agosti, umekosa, hata kama umebakisha wiki chache. Kwingine hawahesabu kutoka siku uliyoshuka ndege, wanahesabu kutoka siku ulipopata hadhi inayokubalika, na huyo aliyetoka F-1 akapata grini kadi akiwa huko lazima aangalie hapo sana.

Ushauri wangu kwa kijana wa miaka 19 au 20 mwenye grini kadi ni asikimbilie chuo. Afanye kazi huo mwaka wa kwanza, iwe ni stoo ama kutunza wazee, alipe kodi, alipe nyumba. Wazazi wengi hapa wanaona huo mwaka umepotea na majirani wataongea. Haujapotea hata kidogo, juu kitu ofisi ya ukaazi inatafuta ni kuona ulihamia jimbo lao kuishi, sio kusoma tu. Jimbo la Washington, ambako kuna Wakenya wengi upande wa Seattle na Kent, sheria yao inasema hivi: ukichukua zaidi ya krediti sita (vile vipimo vya uzito wa kozi) kwa muhula ndani ya huo mwaka, wanachukulia kwamba umekuja kwa ajili ya masomo, na ni wewe sasa wa kuthibitisha vingine. Kama lazima asome, achukue kozi moja jioni na kazi iendelee.

Ushahidi unaanza wiki ya kwanza, si mwezi wa kumi na moja. Mkataba wa nyumba uwe na jina lake. Kama anakaa na watu, jina lake liongezwe kwa huo mkataba ama mwenye nyumba aandike barua yenye tarehe ya kuingia. Laisensi ya kuendesha gari au kitambulisho cha jimbo, achukue haraka, juu tarehe iliyochapishwa pale ni kati ya vitu vya kwanza wanaangalia. Akaunti ya benki ifunguliwe na anwani ya hapo. Peisilipu zote aweke, na fomu ya W-2, ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka, ikija Januari asiitupe, na ritani ya kodi aifanye akiwa mkaazi wa jimbo hilo, sio la binamu yake aliyemsaidia kujaza. Mimi ningefungua folda moja kwa simu na kila karatasi ipigwe picha siku inapotoka.

Hapa naomba unisikize vizuri: kwa ile orodha ya ushahidi utaona kadi ya mpiga kura. Hiyo ni ya raia peke yake. Mwenye grini kadi akijiandikisha kupiga kura, hata kama ni karani wa laisensi aliyemuuliza haraka haraka na yeye akajibu ndio, anaweza kupoteza grini kadi na kurudishwa nyumbani. Kila mahali fomu inauliza kama wewe ni raia, jibu hapana.

Alafu kuna mambo ya mzazi, na hapa ndipo familia zetu huangukia sana. Mtoto akiwa bado anategemea mzazi, ukaazi wake ni wa mzazi. Mzazi yuko Nakuru? Basi mtoto ni wa Nakuru, hata kama ana grini kadi mfukoni. Na mjomba hahesabiki. Tuseme kijana wa Kisumu anaishi kwa mjomba wake Dallas, analishwa, analala hapo, kwetu huyo ni mzazi kabisa na hakuna mtu atauliza. Chuo kinauliza. Mjomba lazima awe mlezi kwa amri ya mahakama, na ikionekana hiyo amri ilitafutwa juu ya fii tu, wanaikataa. Kwa hivyo kijana aonyeshe kwamba anajitegemea: mshahara wake unatosha gharama zake, na hakuna mtu mwingine amemweka kwa ritani yake ya kodi kama mtegemezi. Pesa ya harambee ikiingia kila mwezi kutoka kwa baba inaonekana kwa stetimenti na inamfanya mtegemezi wa mtu wa Kenya. Sisemi mfiche, kwenye fomu unaapa na uongo unaweza kukufukuzisha chuo. Nasema mama na baba wajue kwamba ule mwaka wa kujenga ukaazi ni vizuri kijana asimame na mshahara wake, na msaada usubiri. Vyuo vingi huanza kulegeza hapa mwanafunzi akifika miaka 24, ama akioa au kuolewa.

Kama mzazi yuko huko na mtoto anaingia kwa ukaazi wake, tayarisheni cheti cha kuzaliwa mapema. Baba kwa pasipoti ni Otieno, mtoto ni Achieng, na karani wa huko haelewi kwa nini baba na binti hawana jina moja la mwisho. Cheti kiwe na majina ya wazazi vile yako kwa pasipoti zao, na kama herufi hazifanani, rekebisheni mkiwa bado hapa, wakili na Huduma Centre ziko karibu. Kufanya hiyo kazi ukiwa Minnesota ni mateso.

Kuomba kwenyewe si ngumu. Chuo kina fomu ya kubadilisha ukaazi kwa ofisi ya msajili, na kina tarehe ya mwisho kwa kila semista. Kwa kawaida fii uliyolipa semista zilizopita hawarudishi, kwa hivyo usichelewe hata kidogo. Ukikataliwa kuna rufaa. Soma sababu waliyoandika na ujibu hiyo hiyo na karatasi, usiandike barua ndefu ya huruma.

Na wewe wa F-1, kuna milango mingine. Texas, mwanafunzi wa nje akishinda skolashipu ya ushindani ya angalau dola 1,000 kutoka kwa chuo anaweza kutozwa karo ya wenyeji, na nafasi ni chache, omba mapema. Mfumo wa Minnesota State una vyuo vingi vinavyotoza wa ndani na wa nje bei moja. Anayeenda masta au PhD atafute nafasi ya kufundisha ama ya utafiti, nyingi zinafuta karo yote au sehemu kubwa.

Kabla ya kulipa hata dipoziti, andikia msajili imeli fupi: viza yangu ni hii, niliingia tarehe hii, mzazi wangu anaishi hapa, nitaanza semista hii, je naweza kuhesabiwa mkaazi na lini? Sheria hubadilika, Texas wenyewe Juni 2025 mahakama ilizima ile sheria ya 2001 iliyokuwa inasaidia wahamiaji wasio na karatasi za kuishi huko walipe karo ya wenyeji, kwa hivyo usitegemee jibu alilopewa binamu yako zamani. Wakijibu, hifadhi hiyo imeli pamoja na jina la aliyejibu, na uiambatishe siku ya kupeleka fomu.