Somo: Kusoma Hataza za Wino na Katriji za Printa, Hatua kwa Hatua

Printa za kurusha wino zimejengwa juu ya maelfu ya hataza (patent), yaani haki za kisheria zinazomlinda mvumbuzi, na nyingi kati ya hati hizo zinasomeka bure kwenye intaneti, lakini ni wachache wanaozifungua, kwa sababu lugha yake ni nzito na michoro yake imejaa namba. Somo hili linamwelekeza msomaji asiye mwanasheria wala mkemia namna ya kuchukua hati moja ya aina hiyo na kuielewa. Msimamo wangu ni kwamba katika wino hakuna boresho lisilodai malipo yake. Mvumbuzi anayetatua tatizo moja huamsha jingine, na hati yake hueleweka vizuri pale tu unapojua ni tatizo lipi ameamua kulivumilia.

Hatua ya 1: Fahamu kwanza jinsi tone linavyorushwa

Zipo njia kuu mbili. Katika njia ya joto, kila tundu la kutolea wino lina kipasha joto kidogo mno ambacho hupanda hadi nyuzi 300 hivi za Selsiasi ndani ya mikrosekunde chache. Tabaka jembamba la wino linalokigusa hugeuka mvuke, kiputo huvimba, na tone husukumwa nje. Ichiro Endo wa Canon alilipata wazo hili mwaka 1977, baada ya chombo cha moto cha kulehemu kugusa sindano yenye wino na wino ule kuruka. HP nayo ilifikia wazo hilohilo kwa njia yake, na mwaka 1984 ikatoa printa ya ThinkJet, ambayo kichwa chake cha kuchapia kilikuwa sehemu ya katriji na kilitupwa pamoja nayo. Katika njia ya pili, inayohusishwa zaidi na Epson, hakuna kinachochemka: kipande cha seramiki ya piezo hujipinda kinapopewa umeme, na kujipinda huko ndiko kunakousukuma wino utoke.

Usisome hati yoyote ya wino kabla ya kujua inalenga kichwa cha aina gani. Wino wa njia ya joto lazima uwe na maji mengi, kwa kuwa maji ndiyo yanayozaa mvuke, na haufai kuacha ukoko juu ya kipasha joto, kwa maana ukoko huo huzuia joto na kudhoofisha matone siku baada ya siku. Njia ya piezo huvumilia wino wa viyeyusho na hata wino unaogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno, lakini kiputo cha hewa kikiingia ndani ya chumba chake hunyonya msukumo wote, na tone halitoki.

Hatua ya 2: Itafute hati kwa alama za uainishaji, si kwa maneno peke yake

Fungua hifadhi ya hati ya mtandaoni: Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, au Patentscope ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO). Ukiandika neno wino tu, utazama katika kalamu na mitambo ya magazeti. Tumia alama za uainishaji wa kimataifa: C09D 11/30 ni ya wino wa printa za kurusha, C09D 11/322 ni ya wino wenye chembe za rangi, C09D 11/38 ni ya viongezi, B41J 2/175 ni ya mifumo ya kuleta wino pamoja na katriji zake, na B41J 2/165 ni ya kuzuia na kusafisha matundu yaliyoziba. Kuunganisha alama mbili katika utafutaji mmoja hupunguza matokeo hadi kiasi kinachosomeka.

Kwa mazoezi ya mwanzo, napendekeza hati mbili za zamani. Ya kwanza ni US 4723129, hataza ya Endo kuhusu njia ya kiputo, na ya pili ni US 5554739 ya kampuni ya Cabot, iliyotolewa mwaka 1996, kuhusu namna ya kubadili uso wa chembe za kaboni.

Hatua ya 3: Pitia ukurasa wa kwanza

Hapa usikawie. Namba ndogo zilizo kando ya maelezo zina maana ileile duniani kote: 54 ni jina la uvumbuzi, 57 ni muhtasari, 72 ni mvumbuzi, 71 ni mwombaji, 22 ni tarehe ya kuwasilisha ombi, na 30 ni ombi la awali ambalo tarehe yake inategemewa. Angalia pia herufi inayofuata namba ya hati. Kwa kawaida A huonyesha ombi lililochapishwa tu, na B huonyesha hataza iliyokwisha kutolewa, ingawa hati za zamani za Marekani hutumia A hata kwa hataza kamili.

Hatua ya 4: Ruka muhtasari, uanze na usuli

Muhtasari huandikwa ili kutimiza sharti, na mara nyingi haumwambii msomaji lolote. Sehemu ya usuli ndiyo inayotaja malalamiko, na katika wino malalamiko hayo hujirudia: matundu kuziba printa isipotumika, rangi mbili kuingiliana zinapokutana karatasini, maandishi kupakaa kidole kinapopita, picha kufifia kwa mwanga na hewa, na karatasi kujikunja kwa sababu ya maji. Andika kandoni mwa daftari lako ni lipi kati ya haya mvumbuzi analolishughulikia. Kisha, na hili ndilo muhimu zaidi, andika yale ambayo hakuyataja, kwa sababu aghalabu huko ndiko gharama ilikofichwa. Hati inayosifu wino kwa kukauka haraka karatasini, bila kusema neno juu ya tundu lililoachwa wazi kwa dakika kadhaa, inapaswa kukutia shaka, maana wino haujui kama uko karatasini au mdomoni mwa tundu.

Hatua ya 5: Soma jedwali la mifano kama mpishi

Katika hati za wino, moyo wa jambo uko kwenye mifano. Jedwali litaorodhesha viambato kwa asilimia ya uzito. Katika wino wa kawaida wa ofisini maji huchukua sehemu kubwa kuliko vyote. Rangi yenyewe huwa asilimia chache tu. Kisha huja vinywevu kama gliserini na glaikoli, ambavyo hushika unyevu ili tundu lisikauke. Kisha vipunguza mvutano wa uso, yaani ile nguvu inayoufanya wino ujikusanye badala ya kusambaa, mara nyingi chini ya asilimia 2. Na mwishoni kiasi kidogo cha dawa ya kuzuia bakteria na ukungu, pamoja na kitu cha kudhibiti pH, yaani kiwango cha asidi.

Sasa fuata biashara ya kupata na kupoteza. Ukiongeza gliserini, tundu litakaa wazi muda mrefu zaidi, lakini mnato utapanda, tone litakuwa zito kusukumwa, na karatasi itachelewa kukauka. Maji safi yana mvutano wa uso wa takribani milinyutoni 72 kwa mita, na wino mwingi hushushwa hadi kati ya 25 na 45 hivi. Ukiushusha sana, wino hupenya karatasini upesi na rangi haziingiliani, lakini huohuo hufuata nyuzi za karatasi na kuyafanya maandishi meusi yaote manyoya. Ndiyo maana katika printa nyingi wino mweusi na wino wa rangi hazina mapishi yanayofanana: mweusi hutengenezwa ubaki juu ya karatasi, na za rangi hutengenezwa zipenye.

Suala la rangi lenyewe linastahili utulivu. Rangi inayoyeyuka ni angavu na haizibi matundu kwa urahisi, ila maji huisambaza na mwanga huififisha. Chembe za rangi zisizoyeyuka hustahimili maji na mwanga vizuri zaidi, lakini ni yabisi zinazoelea, na zikiachwa bila ulinzi hushikana na kuzama. Suluhisho la kwanza lilikuwa kuzizungushia polima, yaani kemikali yenye molekuli ndefu kama za plastiki, inayozitenganisha. Gharama yake ilikuwa mnato zaidi, na polima iliyobaki huru ndani ya wino iliweza kuharibu mwenendo wa tone. Uvumbuzi wa Cabot ulipita njia nyingine: vikundi vya kemikali vinavyopenda maji viliunganishwa moja kwa moja na uso wa kaboni, chembe zikaelea zenyewe bila polima. Weusi ukawa mzito na wino ukabaki mwepesi, ila bila polima ya kuzishikiza karatasini, chembe hizo zilichubuka kwa urahisi zaidi kwa kidole au kalamu ya kung'arisha maandishi, kwa hiyo wavumbuzi waliofuata walianza kurudisha polima kidogo kama gundi. Mimi naona mzunguko huu mmoja unafundisha zaidi ya vitabu vingi vya kemia ya wino.

Usiache mifano ya ulinganisho, yaani yale mapishi ambayo mvumbuzi anayaonyesha kuwa yameshindwa. Humo utaona ni asilimia ngapi ya kiambato kipya inatosha na ni ipi haifui dafu.

Hatua ya 6: Katika hati za katriji, fuata njia ya hewa

Msomaji mgeni hufuata njia ya wino kwenye mchoro, akashangaa ugumu wote unatoka wapi. Fuata hewa. Wino ukining'inia juu ya matundu yaliyo wazi utadondoka, kwa hiyo katriji lazima iuvute nyuma kidogo, kwa shinikizo dogo hasi linalolingana na sentimita chache za maji. Likipungua, wino unavuja. Likizidi, tundu linakosa wino. Na kadiri wino unavyotumika, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, la sivyo shinikizo hilo huzidi. Sponji hufanya kazi hii kwa gharama ndogo, lakini hula nafasi na hubaki na wino usiotoka. Mfuko wenye springi hubeba wino mwingi zaidi, ila una vipande vingi vya kuunganisha. Chumba cha wino huru kilichowekwa kando ya chumba cha sponji hupatanisha hayo mawili, lakini hewa iliyomo ndani yake hutanuka joto linapopanda, au katriji inapopelekwa mahali pa juu, na wino unaosukumwa lazima uwe na pa kukimbilia.

Hatua ya 7: Maliza na madai

Madai ndiyo mpaka wa haki. Mengine yote ni maelezo. Anza na dai linalojitegemea, ulikate vipande, kila sharti kwa mstari wake. Kwa kawaida anayetumia masharti yote huwa ndani ya dai, na anayekosa hata moja huwa nje, ingawa mahakama za baadhi ya nchi hukubali kitu kinacholingana na sharti hilo. Dai likisema wino unajumuisha maji, rangi na glaikoli, wino wenye viambato hivyo pamoja na vingine bado umo ndani. Likisema unaundwa na hivyo pekee, kuongeza kiambato kingine hukutoa nje.

Hatua ya 8: Angalia kama hataza bado hai

Muda wa kawaida ni miaka 20 tangu tarehe ya kuwasilisha ombi, mradi ada zilipwe. Hataza nyingi hufa mapema kwa kuachwa bila kulipiwa, na Espacenet huonyesha hali hiyo katika sehemu ya taarifa za kisheria.

Maswali ya wasomaji

Zuhura: Mwalimu, ahsante kwa somo. Kama hataza ya wino imeisha muda, je, niko huru kuutengeneza wino huo na kuuza?

Jibu: Uko huru kuhusu yale yaliyodaiwa katika hataza hiyo, Zuhura, lakini mapishi ya leo mara nyingi huwa chini ya hataza kadhaa kwa pamoja, na boresho la baadaye linaweza kuwa bado hai. Kumbuka pia kwamba hataza hufanya kazi nchi kwa nchi, kwa hiyo uchunguzi unafanywa kwa kila nchi unakotengeneza na unakouza. Ukiwa na mtaji wa kupoteza, mwone wakili wa hataza kabla ya kununua ndoo ya kwanza ya gliserini.

Idrisa: Naomba kuuliza, mwalimu. Kujaza upya katriji iliyokwisha ni kuvunja hataza?

Jibu: Inategemea nchi, ndugu Idrisa, na mahakama za juu za nchi mbili zimetoa majibu yanayopishana. Mwaka 2007, Mahakama ya Juu ya Japani katika shauri la Canon dhidi ya Recycle Assist ilimpa ushindi Canon: katriji zilikuwa zimetobolewa, zikasafishwa na kujazwa upya, na kazi hiyo ilihuisha kile kilichodaiwa katika hataza, yaani mpaka wa kuzuia wino kuvuja baina ya sponji mbili. Mwaka 2017, Mahakama ya Juu ya Marekani katika shauri la Impression Products dhidi ya Lexmark, lililohusu katriji za tona, yaani unga wa kuchapia wa printa za leza, iliamua kwamba mwenye hataza akishauza bidhaa, haki yake ya hataza juu ya bidhaa hiyo imekwisha. Tanbihi moja: katika shauri la Marekani ubishi ulikuwa juu ya masharti ya mauzo na mauzo ya nje ya nchi, kwa hiyo usidhani kila aina ya ukarabati imeruhusiwa.

Neema: Kwa nini printa yangu husema wino umekwisha ilhali nikiitikisa katriji nausikia?

Jibu: Katriji nyingi hazipimi wino; chipu huhesabu matone yaliyorushwa na kukisia kilichobaki. Kuna sababu ya kweli ya kiufundi ya kusimama mapema, kwa kuwa katika njia ya joto wino ndio unaokipoza kipasha joto, na kukiwasha kikiwa kikavu hukiharibu. Lakini kuweka akiba kubwa mno ni uamuzi wa kibiashara, na hati zenye alama B41J 2/175 hukuonyesha mapendekezo mengi ya kupima wino wenyewe, kwa mwanga unaopita kwenye prizimu au kwa elektrodi, kwa wale waliotaka kulipa gharama hiyo.

Baraka: Je, naweza kuweka wino wa chembe katika printa iliyotengenezewa wino unaoyeyuka?

Jibu: Ukubwa wa chembe peke yake si kikwazo, kwani chembe ina nanomita 100 hivi na tundu lina mikromita 10 hivi au zaidi. Kikwazo ni kushikana kwa chembe wino unapokauka, ukoko juu ya kipasha joto, na mabaki ya wino wa zamani, ambayo chumvi zake zinaweza kuzigandisha chembe ndani ya mirija. Ukiona hati inayochanganya aina mbili za wino makusudi ili chembe zigande, ujue hiyo hutokea juu ya karatasi, baada ya matone kutoka. Baadhi ya wavumbuzi waliitumia hasa kuzuia weusi usiingie kwenye njano.

Salma: Hati nyingi nilizozipata ni za Kijapani. Nifanyeje?

Jibu: Fungua kwanza sehemu ya familia ya hataza, kwani uvumbuzi huohuo huenda umewasilishwa pia Marekani au Ulaya, na hati hiyo huwa imetafsiriwa na binadamu. Usipoipata, Espacenet ina tafsiri ya mashine. Maelezo yatakuwa na makosa, lakini majedwali ya mifano hubaki na namba zake zilezile, na kwa wino namba hizo ndizo unazozihitaji zaidi.