Somo: Bekapu kamili au ya nyongeza kwa mashine pepe? Hesabu ianze na siku ya kurejesha

Habari za kazi, wakubwa kwa wadogo. Wiki hii watu watatu wameniuliza swali lilelile, wawili wa hapa Tanga mjini na mmoja wa Korogwe: mashine pepe zangu nizichukulie bekapu kamili kila usiku, au ya nyongeza? Wote walikuja na bei ya diski mkononi. Nawaelewa, diski ni ghali. Lakini bei ya diski ni swali la tatu. La kwanza ni hili: seva ikifa saa nne asubuhi, meli iko gatini na mteja amesimama kaunta, ofisi inaweza kukaa saa ngapi bila mashine hiyo?

Tuelewane maneno. Mashine pepe ni kompyuta inayoishi kama programu ndani ya seva; seva moja hubeba kadhaa. Bekapu kamili ni nakala ya diski nzima ya mashine pepe, pamoja na faili ambalo halijaguswa tangu mwaka jana. Ya nyongeza hubeba tu vipande vilivyobadilika tangu bekapu iliyotangulia, iwe kamili au ya nyongeza. Katikati ipo tofautishi, inayobeba yote yaliyobadilika tangu ile kamili ya mwisho. Hunenepa kila siku, ila kurejesha kunahitaji vitu viwili tu. Kujua kipi kimebadilika ni kazi ya hipavaiza, yaani programu inayoendesha mashine pepe, ambayo huweka daftari la vipande vilivyoandikwa. VMware wanalo tangu toleo lao la vSphere 4 la mwaka 2009, Hyper-V ililipata na Windows Server 2016, na QEMU inayoendesha mashine za Proxmox ina la kwake.

Hatua ya 1: Pima

Chukua mfano wa ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari. Mashine tatu, data GB 600 kwa jumla, na kila siku hubadilika kama GB 12. Bekapu kamili kupitia mtandao wa ndani wa gigabiti 1, ambao kwa vitendo hutoa karibu MB 110 kwa sekunde, itachukua saa moja na nusu. Chomeka diski ya nje kwenye tundu la USB 2.0, kama MB 35 kwa sekunde, na mzigo huohuo unakula karibu saa tano. Upeleke nje kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, hizo ni siku tano na nusu bila kupumzika. Ile GB 12 ya nyongeza, kwa laini hiyohiyo, ni saa mbili na dakika arobaini.

Namba yako ya mabadiliko ya kila siku usiikisie. Endesha bekapu za nyongeza kwa wiki mbili, usome ukubwa wa kila moja. Mwisho wa mwezi hupanda, na ukipakia masasisho ya Windows hupanda zaidi.

Hatua ya 2: Andika uvumilivu wa kila mashine

Namba mbili kwa kila mashine: kazi ya saa ngapi tunaweza kuipoteza, na tunaweza kukaa saa ngapi bila huduma. Mwenye ofisi azitaje yeye mwenyewe, wewe uandike.

Hatua ya 3: Chagua

Mashine ndogo, chini ya GB 50, mimi huichukulia kamili kila usiku. Nafasi unayookoa kwa nyongeza hapo haistahili hatari yake. Mashine kubwa: kamili Jumamosi usiku, nyongeza siku sita zinazofuata.

Hatari yenyewe ni mnyororo. Kurejesha hali ya Ijumaa kunahitaji ile kamili ya Jumamosi na nyongeza zote sita, kila moja ikiwa nzima. Nilijifunza hili kwa uchungu katika ofisi moja pale Chumbageni. Nilichukua bekapu kamili mara moja, nikaacha nyongeza zijipange juu yake kwa zaidi ya mwezi, kwenye diski ya nje iliyowekwa kando ya dirisha linalopokea upepo wa bahari. Siku seva ilipokufa nikaichomoa ile diski: kwenye meno ya tundu lake kulikuwa na ukoko wa kijani, ule wa shaba iliyolambwa na chumvi. Nyongeza ya tisa ilikuwa na vipande visivyosomeka. Programu ikakataa kurejesha chochote kilichofuata baada yake. Tulirudi kwenye siku ya nane, na ankara za wiki nyingi yule mama mhasibu aliziingiza upya kwa mkono kutoka kwenye karatasi, akikaa ofisini hadi magharibi siku baada ya siku. Hakunilaumu hata mara moja. Bado namkumbuka kila ninapopanga ratiba ya bekapu.

Tangu hapo mnyororo wangu hauzidi siku saba.

Baadhi ya programu, Veeam ikiwamo, huweza kutengeneza bekapu kamili upande wa hifadhi, kwa kuunganisha ile kamili ya zamani na nyongeza zake, bila kuisoma mashine upya. Inapunguza mzigo wa usiku sana. Ila kipande kilichooza kwenye zile za zamani huingia nacho ndani ya mpya, kwa hiyo mara moja kwa mwezi bado soma mashine yenyewe toka mwanzo.

Hatua ya 4: Nafasi

Kamili kila usiku kwa siku 14 ni TB 8.4. Kwa mpango wa Jumamosi, wiki moja ni GB 672. Watu wengi huzidisha mara mbili wakaishia hapo, kisha diski inajaa. Huwezi kufuta bekapu kamili wakati nyongeza zake bado unazihitaji, kwa hiyo tenga nafasi ya wiki tatu, karibu TB 2. Mgandamizo utapunguza, lakini picha za nyaraka zilizoskaniwa hazigandamiziki vya kutosha kuzitegemea.

Hatua ya 5: Ratiba

Andika saa kama kompyuta inavyoisoma. Nilimwambia kijana mmoja bekapu ianze saa sita usiku, akaandika 06:00. Bekapu kamili ikaanza kumi na mbili asubuhi kwenye diski ya USB, watu wakaingia kazini saa mbili mashine zikikokota miguu hadi karibu saa tano. Saa sita usiku ni 00:00. Sasa namwandikia kila mtu namba kwenye karatasi.

Hakikisha pia kiwakala cha hipavaiza, programu ndogo inayozungumza nayo, kimewekwa ndani ya mashine, ili hifadhidata itulie kabla ya nakala kuchukuliwa. Bila hicho utapata nakala inayofanana na mashine iliyokatikiwa umeme katikati ya kazi.

Hatua ya 6: Rejesha

Mara moja kwa mwezi rejesha mashine moja, ipe namba nyingine ya utambulisho, mtandao wake ukiwa umezimwa ili isigongane na ile halisi. Iwashe, ingia, fungua ankara ya jana. Pima muda kwa saa ya mkononi, uandike kando ya namba za hatua ya 2. Ukikuta mwenye ofisi alisema saa mbili na wewe umetumia saa tano, mpango wako haujafaa, hata kama kila asubuhi ripoti ni ya kijani.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Muheza: Shikamoo mwalimu. Mimi natumia snapshoti za hipavaiza, nachukua kila Ijumaa. Si inatosha?

Marahaba. Haitoshi, mwanangu. Snapshoti, ile alama ya hali ya mashine unayoweza kuirudia, inakaa kwenye hifadhi ileile ya mashine. Diski ikifa vinakwenda pamoja. Tena ukiiacha kwa wiki inaendelea kuvimba hadi hifadhi inajaa na mashine zinasimama. Ichukue kabla ya kufanya badiliko, ukiona mambo yako sawa uifute. Bekapu ikae kwenye kifaa kingine, na nakala moja iwe nje ya jengo.

Kutoka Pongwe: Kaka, tuna Proxmox na Proxmox Backup Server. Tukizima mashine wikiendi, bekapu ya Jumatatu inachukua muda mrefu kama kamili, ingawa ni ya nyongeza. Kuna kitu kimeharibika?

Hakuna kilichoharibika. Lile daftari la QEMU linakaa kwenye kumbukumbu ya mashine inayoendeshwa. Ukiizima linapotea, kwa hiyo safari inayofuata inabidi diski yote isomwe upya kutafuta kilichobadilika. Ila kinachotumwa ni kile kipya tu. Kuiwasha upya kutokea ndani ya mashine yenyewe hakulipotezi.

Na kwa kuwa umetaja mfumo huo: kule kila bekapu inajitegemea kwenye orodha, hakuna mnyororo ule niliousema. Lakini vipande ni vya ushirika. Kipande kimoja kikioza, bekapu zote zinazokitumia zimeumia, hata zile kumi unazoziona zimejipanga vizuri. Weka kazi ya uhakiki kwenye ratiba, usiiache.

Kutoka Pongwe tena: Ahsante. Nimefuta bekapu za zamani leo, mbona diski bado imejaa?

Umefuta orodha tu. Vipande vyenyewe huondolewa na kazi ya kusafisha taka, na hiyo nayo huviruka vilivyoguswa ndani ya saa 24 zilizopita. Iendeshe leo, uiendeshe tena keshokutwa. Usiingie kwenye folda ukafuta kwa mkono.

Kutoka Mabawa: Mwalimu, bosi anataka nakala ikae Dar kwa ndugu yake. Intaneti yetu ni hiyo megabiti 10. Nitafanyaje na ile kamili ya kwanza?

Ipeleke kwa basi, dada. Andika bekapu kamili kwenye diski ya nje ikiwa imefungwa kwa nywila, ondoka na basi la asubuhi, alasiri iko Dar inapakiwa. Baada ya hapo tuma nyongeza kila usiku kwa intaneti, saa tatu zinatosha. Kuifunga kwa nywila si hiari: ndani kuna majina na namba za wateja, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nywila isisafiri kwenye begi moja na diski, na usiiweke ndani ya seva ileile unayoichukulia bekapu. Iandike karatasi mbili, moja kwa bosi, moja kwenye kabati la chuma la ofisi.