Kuipanga pikipiki ya silinda mbili iende lami na vumbi, hatua kwa hatua

Mwaka 1980 BMW ilitoa R 80 G/S, na kwa mara ya kwanza watu wengi wakaona kwamba injini kubwa ya silinda mbili inaweza kupita porini kisha ikarudi nyumbani kwa lami bila kumchosha mwendeshaji. Mwaka uliofuata Hubert Auriol alishinda mbio za Paris–Dakar akiendesha BMW. Honda wakafuata na Transalp mwaka 1987 na Africa Twin mwaka 1988, na leo kila kampuni kubwa ina pikipiki ya jamii hii. Zinatofautiana sana, ila zina mambo matatu yanayofanana: zina uzito wa kilo mia mbili hivi, mara nyingi zaidi, springi zake zinasafiri mbali, na zinatoka kiwandani zimepangwa kwa mtu asiye wewe.

Hilo la tatu ndilo ninalotaka tulishughulikie. Wenye pikipiki hizi wengi hukimbilia kununua masanduku, taa na vyuma vya kinga, huku springi ikiwa bado ilivyowekwa kiwandani na leva zikiwa zimeelekezwa kwa mtu aliyekaa kitini. Mwongozo huu unatumia vitu vilivyomo kwenye pikipiki tayari. Unahitaji futi ya kupimia, utepe wa karatasi wa kubandika, spana zilizokuja na pikipiki, kipimo cha upepo kinachoaminika na watu wawili wa kukusaidia. Fuata mpangilio huu ulivyo, kwa sababu springi hubadilisha urefu wa pikipiki nzima, na ukiichelewesha utarudia kazi nyingine zote.

Hatua ya 1: Jua ulicho nacho

Fungua kitabu cha pikipiki uandike mambo manne: gurudumu la nyuma linasafiri milimita ngapi (yaani linaweza kupanda na kushuka umbali gani), la mbele ngapi, tairi zina tyubu au hazina, na shokapu zina skrubu gani za kurekebisha.

Angalia pia ukubwa wa gurudumu la mbele. La inchi 21 lenye spoku, kama la Yamaha Ténéré 700, hupanda mawe na kuvuka makorongo kwa urahisi, lakini kwenye kona za lami huchelewa kulala. La inchi 19, kama la Suzuki V-Strom 650, huingia kona vizuri, ila kwenye mchanga linataka uangalifu zaidi. Hakuna mpangilio utakaoigeuza moja kuwa nyingine. Ukijua hili mapema hutailazimisha pikipiki kufanya kazi isiyo yake.

Hatua ya 2: Pima springi ya nyuma inazama kiasi gani

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Springi inatakiwa izame kiasi fulani ukiwa umekaa, ili gurudumu liweze kushuka ndani ya shimo na pia kupanda juu ya jiwe. Isipozama, gurudumu huruka hewani kila penye bonde. Ikizama kupita kiasi, mkia hukaa chini, pua huinuka, usukani huwa mzito kwenye kona na gurudumu la mbele hupoteza mshiko kwenye changarawe.

Bandika kipande cha utepe kwenye mkia, wima juu ya ekseli ya nyuma, na uchore mstari mwembamba kwa kalamu. Vipimo vyote vitatoka katikati ya ekseli hadi kwenye mstari huo.

Kipimo cha kwanza: inua pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie hewani. Ukiwa na stendi kubwa ya katikati, itumie. Usipokuwa nayo, msaidizi aiegemeze juu ya stendi ya pembeni hadi gurudumu liachane na ardhi, wewe upime haraka. Tuseme umepata milimita 610.

Kipimo cha pili: ishushe isimame wima kwa magurudumu yote mawili, bila mtu juu. Bonyeza mkia taratibu, uachie, upime. Kisha uinue kidogo, uachie, upime tena. Namba mbili hizo hazitalingana, kwa sababu sili na viungo vya shokapu hukwamakwama. Chukua katikati yake.

Kipimo cha tatu: vaa kila kitu unachovaa safarini, buti, koti, kofia, hata begi la mgongoni. Kaa mahali pako pa kawaida, miguu juu ya vikanyagio, msaidizi mmoja akishika usukani na mwingine akipima. Rudia ule mchezo wa kubonyeza na kuinua, uchukue katikati. Tuseme ni milimita 525.

Sasa toa: 610 ukiondoa 525 ni 85. Kwa pikipiki za aina hii, kuzama kukiwa na mwendeshaji kunatakiwa kuwe karibu asilimia 30 hadi 35 ya safari yote ya gurudumu. Kama gurudumu lako linasafiri milimita 200, lengo ni 60 hadi 70. Umezidisha, kwa hiyo kaza springi. Pikipiki nyingi za siku hizi zina kirungu cha kuzungusha kwa mkono upande mmoja wa siti. Nyingine zina pete mbili zinazotaka spana ya ndoano. Kaza kidogo, pima tena, endelea hadi ufikie lengo.

Watu wengi hudhani kukaza huko kunaifanya springi iwe ngumu zaidi. Sivyo. Ugumu wa springi uko kwenye unene wa waya na idadi ya mizunguko yake, na hutaubadilisha kwa kirungu. Unachobadilisha ni mahali pikipiki inapokaa ndani ya safari ya springi.

Ndiyo maana kipimo cha pili kina thamani yake. Ukishapata kuzama sahihi ukiwa umekaa, angalia pikipiki inazama kiasi gani ikiwa peke yake. Ikiwa ni milimita 10 hadi 20, springi inakufaa. Ikiwa haizami kabisa, maana yake umelazimika kuikaza sana ili ikubebe, yaani ni laini mno kwa uzito wako. Ikizama sana ikiwa peke yake, basi ni ngumu mno kwako. Katika hali hizo mbili, pesa uliyotenga kwa masanduku ipeleke kwenye springi inayolingana na uzito wako. Sijaona kifaa kingine kinachoibadilisha pikipiki hizi kiasi hicho.

Kama kwa kawaida unabeba abiria au mizigo, pima upya ukiwa na mzigo huo na uandike kirungu kinahitaji mizunguko mingapi zaidi. Namba hiyo ibandike chini ya siti.

Shokapu za mbele hupimwa kwa njia ileile, ukitumia umbali kati ya sili ya vumbi na sehemu ya chini inayoshika ekseli. Kama hazina skrubu za kukazia springi, pima hata hivyo, ujue hali yake.

Hatua ya 3: Kasi ya kurudi

Skrubu ya kurudi hupunguza kasi ya springi inapofunguka baada ya kubonyezwa. Ukiizungusha hutoa milio midogo ya "tik", na kila mlio ni hatua moja. Kwanza hesabu iko mlio wa ngapi: izungushe taratibu upande wa kufunga hadi igote, bila kulazimisha, huku ukihesabu. Andika namba hiyo, kisha uirudishe ilipokuwa.

Bonyeza mkia kwa nguvu na uachie. Unataka upande mara moja na utulie. Ukipanda, ukashuka na kupanda tena, funga mlio mmoja au miwili. Ukipanda kwa uvivu, fungua. Kwenye njia yenye matuta madogo yanayofuatana, shokapu inayorudi polepole mno haipati nafasi ya kufunguka kabla ya tuta linalofuata. Inazidi kushuka, na pikipiki inakuwa ngumu kama haina shokapu kabisa. Kosa hilo hufanya watu wengi walaumu springi isiyo na hatia.

Hatua ya 4: Cheni

Ukishabadilisha springi, kipimo cha cheni nacho hubadilika kidogo, kwa hiyo kikague sasa. Kiasi cha ulegevu na namna ya kukipima vimeandikwa kwenye kibandiko kilicho karibu na cheni au kwenye kitabu. Pikipiki zenye springi ndefu hutaka cheni ilegee kuliko za lami tupu, na mtu aliyezoea za lami ataiona imelegea mno. Usiikaze kwa mazoea. Gurudumu linapopanda, cheni hujivuta hadi pale sproketi ya mbele, mhimili wa mkono wa nyuma (chuma kinachobeba gurudumu la nyuma) na ekseli vinapokaa kwenye mstari mmoja. Ikiwa haina nafasi hapo, mvuto wote unaishia kwenye beringi ya shafti ya gia.

Zungusha gurudumu upime sehemu kadhaa, utumie sehemu iliyokaza zaidi. Nati ya ekseli ikaze kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu.

Wenye pikipiki zinazozungushwa na shafti badala ya cheni, kama BMW R 1250 GS, mnaweza kuiruka hatua hii.

Hatua ya 5: Usukani na leva, ukiwa umesimama

Kwenye njia mbaya utaendesha ukiwa umesimama juu ya vikanyagio, ili uzito wako upite miguuni na pikipiki ipate kucheza chini yako. Basi vitu unavyoshika vipangwe kwa mkao huo.

Msaidizi aishike pikipiki wima. Simama, kunja magoti kidogo, sukuma nyonga nyuma, tazama mbali mbele. Sasa weka vidole viwili juu ya leva ya klachi na viwili juu ya leva ya breki. Kama kifundo cha mkono kinapinda kwenda juu ili kuzifikia, leva ziko juu mno. Legeza bolti zake, uzizungushe chini hadi mgongo wa kiganja na mkono viwe mstari mmoja. Kisha kaa kitini uhakikishe bado unazifikia bila taabu.

Bolti hizo zikaze kiasi cha leva kukaa imara wakati wa kawaida, lakini izunguke pikipiki ikianguka. Leva inayozunguka unairudisha kwa mkono. Iliyokazwa kupita kiasi huvunjika.

Kanyagio la gia liinue hadi ncha ya buti iingie chini yake bila kukunja kifundo cha mguu. Pedali ya breki iweke mahali ambapo unaweza kuibonyeza umesimama na kuiachia kabisa umekaa. Ukiongeza vipande vya kuinua usukani, ugeuze hadi mwisho kushoto na kulia uangalie nyaya na mipira ya breki, isivutike popote.

Hatua ya 6: Upepo wa tairi

Pima tairi zikiwa baridi. Kwa lami tumia namba za kiwanda. Kwa pikipiki nyingi za jamii hii ni karibu psi 32 mbele na 36 hadi 42 nyuma, kulingana na mzigo.

Kwenye changarawe ngumu shusha hadi psi 26 hadi 28. Tairi hupata nafasi ya kujikunja juu ya mawe badala ya kuyaruka, na utahisi usukani umeacha kutetemeka mikononi. Kwenye mchanga au tope unaweza kufika karibu psi 20, ukiwa na mwendo mdogo. Chini ya hapo sipendekezi kwa pikipiki nzito kiasi hiki. Jiwe moja lenye ncha litaibana tyubu kwenye rimu na kuipasua matobo mawili pacha, au litaikunja rimu yenyewe. Tairi isiyo na tyubu nayo inaweza kuachia ukingo wake na kumwaga upepo wote mara moja.

Penye mawe mengi mimi huacha upepo juu zaidi na kukubali kutikiswa. Penye mchanga mtupu nashusha bila wasiwasi.

Ukirudi lami, jaza kabla ya kukimbia. Tairi laini kwenye mwendo mkubwa hujikunja mfululizo na kupata joto linaloweza kuiharibu. Kwa sababu hiyo pampu ndogo ya umeme inastahili nafasi kwenye begi kuliko vifaa vingi vya mapambo.

Hatua ya 7: Mitambo ya kuzuia kuteleza

ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapobana breki, hukuokoa kwenye lami, basi iache ikiwaka. Kwenye changarawe inayoteremka, ABS ya lami huachia breki mara kwa mara na umbali wa kusimama huongezeka. Kama pikipiki yako inaruhusu, zima ya nyuma na uache ya mbele. Mfumo wa kuzuia gurudumu la nyuma kuzunguka bure uupunguze, na kwenye mchanga mzito uuzime, kwa sababu utakata nguvu pale hasa unapohitaji kusonga. Kwenye pikipiki nyingi ukizima swichi mipangilio hii inarudi ya kiwandani, basi izoee kuikagua kila unapowasha.

Hatua ya 8: Jaribu, kitu kimoja kwa wakati

Tafuta kipande kifupi chenye lami, changarawe na kona chache. Kipite kwa mwendo uleule, badilisha kitu kimoja tu, ukipite tena. Andika ulichobadilisha na ulichohisi. Ukibadilisha upepo na skrubu kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia.

Baada ya safari ya kwanza kwenye njia mbaya, injini ikiwa imepoa, pitia bolti zote ulizogusa kwa spana. Kama una spoku, zigonge moja moja kwa kijiti cha chuma: iliyokaza hulia kwa sauti kali, iliyolegea hutoa sauti butu. Hizo butu zikaze robo mzunguko, kisha zungusha gurudumu uone kama rimu inayumba.